Mashahidi Waliokufa, Mito Iliyozikwa: Vidokezo 12 kwa Anayeanza Kumsoma Konstebo Peter Grant

Ni usiku wa Januari na baridi ya London inauma hadi kwenye mifupa. Konstebo kijana ameachwa Covent Garden alinde eneo la tukio. Mtu ameuawa, kichwa kimetenganishwa na kiwiliwili, wakubwa wameondoka, na mwenzake wa zamu ameenda kutafuta kahawa. Mara, kutoka kwenye kivuli cha nguzo za kanisa, anajitokeza bwana mmoja mwenye mavazi ya kizamani na kusema ameona kila kitu. Shahidi amepatikana. Tatizo ni kwamba shahidi mwenyewe amekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Konstebo afanye nini? Anamhoji, kama anavyohojiwa shahidi mwingine yeyote.

Hapo ndipo nilipotekwa. Nilikuwa kwenye pantoni ya Kigamboni, watu wamebanana, baiskeli ya muuza mikate imeniegemea goti, na sikujua tumefika ng'ambo mpaka umati uliponisukuma kushuka. Kitabu ni *Rivers of London* cha Ben Aaronovitch, kilichotoka mwaka 2011 na kuzaa mfululizo ambao kufikia 2025 umetimiza riwaya kumi, bila kuhesabu riwaya fupi na vitabu vya katuni. Tangu siku ile nimewaazima watu wengi kitabu hiki, na wengi wameniuliza maswali yaleyale. Majibu yangu ni haya.

1. Anza na cha kwanza, na chunguza jalada kabla ya kulipa

Kuna mifululizo ya upelelezi ambayo unaweza kuokota kitabu chochote na usipotee. Huu si mmoja wao. Peter anaanza akiwa hajui lolote, na kila kitabu kinamwongezea elimu, makovu na madeni. Mpangilio wake ni *Rivers of London* na *Moon Over Soho*, vyote vya 2011, kisha *Whispers Under Ground* (2012), *Broken Homes* (2013), *Foxglove Summer* (2014), *The Hanging Tree* (2016), *Lies Sleeping* (2018), *False Value* (2020), *Amongst Our Weapons* (2022) na *Stone and Sky* (2025).

Tahadhari moja ya pesa: Marekani kitabu cha kwanza kilitoka kwa jina la *Midnight Riot*. Ukikikuta kwenye meza ya vitabu vya mitumba, usidhani umepata kipya. Ni kilekile.

2. Kisome kama jalada la kesi

Watu wengi huingia wakitafuta miujiza, wakachoka kurasa za mwanzo kwa sababu polisi wanajaza fomu. Vumilia hizo fomu, kwa maana utamu umo humo. Kabla ya usiku ule wa Covent Garden, Peter alikuwa karibu kupelekwa kitengo cha kushughulikia makaratasi ya polisi wengine, kazi ambayo ingemfunga kwenye kiti hadi kustaafu. Anayemwokoa ni Mkaguzi Mkuu Thomas Nightingale, bwana mtanashati mwenye fimbo yenye kichwa cha fedha, ambaye ndiye fundi wa mwisho wa uchawi aliyebaki katika jeshi la polisi la London. Ofisi yake ni jumba kubwa la kale Russell Square liitwalo the Folly. Humo yumo yeye, mtumishi wa kike asiyesema neno, na maktaba.

Aaronovitch anaipenda kazi ya polisi kama fundi seremala anavyoipenda randa. Anakuonyesha nani ana mamlaka ya kuingia nyumba ya mtu, nani anasaini wapi, na nani anakasirika akiamshwa saa tisa za usiku. Peter anatumia HOLMES, mfumo halisi wa kompyuta wa polisi wa Uingereza. Uliletwa miaka ya 1980, baada ya upelelezi wa muuaji wa Yorkshire kuzama katika mamia ya maelfu ya kadi za karatasi. Muuaji alikuwa amehojiwa mara tisa na kuachiwa, kwa kuwa kadi moja haikukutana na nyingine. Ukilijua hilo, utaona kwa nini kijana huyu anaheshimu kumbukumbu kiasi kile. Mzuka hauwezi kupanda kizimbani. Kila utakachokuambia, itabidi ukitafutie ushahidi wa pili ambao hakimu ataukubali.

3. Liweke kando neno "mchawi"

Hiki ndicho kidokezo ninachokisisitiza zaidi kwa msomaji wa Kiswahili. Kwetu mchawi ni mtu wa usiku. Anaroga, anaua, anakula watu, na hakuna mama anayeota mwanawe aje kuwa mchawi mwenye mshahara wa serikali. Ukilichukua neno hilo ukamvika Nightingale, kitabu chote kinapinda.

Mimi natumia neno la mwambao: fundi. Pemba na Unguja fundi ni pia yule anayejua mambo ya pepo na namna ya kuzungumza nayo, aliyefundishwa na fundi mwingine kwa miaka mingi. Peter naye ni mwanagenzi wa Nightingale. Anakula kiapo, anafundishwa Kilatini, anarudia zoezi moja wiki baada ya wiki mpaka kiganja chake kitoe mwanga mdogo. Hakuna kipaji cha kuzaliwa nacho kinachomtenga na watu wengine. Anajifunza kama wanavyojifunza waashi.

Tena sheria ina historia yake hapa. Mwaka 1735 Uingereza ilipitisha sheria iliyoacha kumwadhibu mtu kwa kuwa mchawi, ikaanza kumwadhibu anayejidai kuwa na nguvu hizo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1951. Huku, serikali ya kikoloni iliweka sheria za uchawi Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928. Kwa hiyo msomaji wa Tanga au Mombasa anapokutana na polisi wa London anayefanya uchawi kwa idhini ya mkuu wake, anaona kitu ambacho msomaji wa London huenda asikione: mtawala aliyewakataza wengine jambo ambalo, ndani ya riwaya hii, yeye mwenyewe alikuwa akilifanya nyuma ya mlango uliofungwa. Aaronovitch anaufungua mlango huo kadiri vitabu vinavyosonga mbele. Mwangalie anavyoufungua.

4. Weka alama kila mahali uchawi unapodai malipo yake

Mwaka 1929 padri wa Kikatoliki Ronald Knox, ambaye pia aliandika riwaya za upelelezi, alitoa kanuni kumi za fani hiyo. Mojawapo ilipiga marufuku nguvu zozote zisizo za kawaida. Sababu yake inaeleweka: kama muuaji anaweza kupita ukutani, msomaji afumbue fumbo kwa kutumia nini?

Jibu la Aaronovitch ni kuupa uchawi sheria ngumu kama za fizikia. Katika dunia yake aliyeziandika ni Isaac Newton, na zina gharama. Uchawi ukifanywa karibu na simu iliyowashwa, chipu za elektroniki zilizomo ndani zinasagika na kuwa mchanga. Mtu akiutumia kupita kiasi, ubongo wake unaharibika, na daktari anayepasua maiti hizo ana rafu nzima ya ushahidi. Uchawi pia huacha masalia kwenye mawe, mbao na nyama: harufu, sauti, hisia ya baridi au hofu, ambayo aliyefundishwa huweza kuinusa hata baada ya miaka.

Unaona alichofanya? Simu iliyokufa ghafla imegeuka kuwa alama ya vidole. Harufu isiyo na chanzo imegeuka kuwa shahidi. Basi soma na kalamu mkononi. Kila kifaa kinapoharibika, andika nani alikuwa karibu. Mimi kwa njia hiyo nilimjua mhusika mmoja mapema kabla ya Peter, na furaha yake nilikaa nayo wiki nzima.

Peter mwenyewe anapenda sayansi kuliko mwalimu wake. Anapima, anarudia, anaweka vifaa umbali tofauti aone kipi kitaharibika kwanza. Nightingale alifundishwa kukubali. Kijana anataka kujua kwa nini, na mazungumzo ya wawili hawa ni kati ya mambo bora kabisa ya mfululizo.

5. Tandaza ramani ya mito

Hapa ndipo moyo wa kitabu ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

London unayoiona kwenye picha ina mto mmoja, Thames. London ya kweli ina mingi, ila imezikwa. Fleet ulishuka kutoka Hampstead hadi Thames, ukajaa uchafu, ukafunikwa kipande kwa kipande, na leo ni mfereji wa majitaka chini ya barabara. Jina lake limebaki kwenye Fleet Street, mtaa ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa magazeti. Tyburn unapita chini ya mitaa ya matajiri. Jina lake lilikuwa la kutisha, kwa sababu kwenye kijiji cha Tyburn wahalifu walinyongwa hadharani hadi mwaka 1783. Effra umelala chini ya Brixton. Walbrook ulikuwa katikati ya mji wa Warumi.

Halafu kuna kiangazi cha 1858. Joto lilipanda, Thames ukanuka kiasi kwamba bungeni mapazia yalilowekwa dawa ya chokaa ili wabunge waweze kupumua. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa fedha za kujenga mifereji mikuu ya majitaka, zaidi ya kilomita 130, ambayo mji unaitegemea mpaka leo.

Aaronovitch ameichukua historia hiyo bila kuipindisha akauliza swali moja: kama kila mto una mwenyewe, mwenyewe alikwenda wapi mwaka ule? Jibu lake ni kwamba Baba Thames, mungu mzee wa mto, aliukimbia mji kwa uvundo na huzuni, akahamia juu karibu na chemchemi. Kiti kikabaki kitupu. Karibu miaka mia moja baadaye, miaka ya 1950, akaja msichana kutoka Nigeria kusomea uuguzi. Maisha yakamshinda, akajitupa mtoni. Mto ukampokea. Leo yeye ndiye Mama Thames, anakaa Wapping, kavaa nguo za fahari za Afrika Magharibi, na mabinti zake ndio mito midogo ya London: Tyburn, mwanamke mwenye elimu na marafiki serikalini, Fleet, Effra, na Beverley Brook, kijito halisi cha kusini-magharibi kinachopita kando ya Richmond Park, ambaye Peter hatamsahau upesi.

Nilipofika kwenye ukurasa huo nilikifunga kitabu nikakaa kimya. Nimesoma riwaya nyingi ambamo Mwafrika anafika Ulaya na kubaki mlangoni, akiomba. Huyu mwanamke hakuomba. Kiti kilikuwa wazi, wenye mji walikuwa wamekikimbia, akakaa. Na mji wenyewe, maji yake yenyewe, yakamtii. Sijapata kuona mwandishi wa Kiingereza akilisema jambo hilo kwa uwazi kama huu, tena ndani ya kitabu cha kuchekesha chenye mauaji.

Kwa hiyo tafuta ramani ya mito iliyozikwa ya London, iweke karibu. Kila jina la mtaa litakupa kitu. Na siku utakayovuka Jangwani ukautazama Mto Msimbazi ukiwa umevimba na mvua za masika, utajikuta unajiuliza mwenyewe wake ni nani na amekasirikia nini.

6. Angalia nani anakula nini, kwa nani

Kidokezo kifupi, lakini kitakusaidia vitabu vyote. Nyumbani kwa Mama Thames Peter anakaribishwa chai na vitafunio, na tayari ameonywa asiguse. Ukila cha mwenyeji wa namna hiyo umejifunga kwake. Msomaji wa kwetu, aliyekulia kwenye hadithi za mtu aliyekula chakula cha majini asirudi tena, hahitaji maelezo. Baadaye utaona Peter amejifunza kumtaka mwenyeji atamke kwanza kwamba chakula hicho hakina deni. Kila mara maneno hayo yanaposemwa, au yanaposahaulika, kuna jambo linakuja.

7. Msikilize mama yake Peter

Baba yake Peter ni Mwingereza, mpiga tarumbeta wa jazi ambaye heroini ilimharibia kazi. Mama yake ametoka Sierra Leone na anasafisha maofisi. Peter amekulia kwenye flati ya halmashauri Kentish Town, na anasimulia mambo hayo bila kujihurumia.

Mama yangu mdogo alisafisha maofisi London kwa miaka kumi na moja. Aliamka saa tisa usiku ili awe amemaliza ghorofa nne kabla wenye ofisi hawajafika. Alipokuja likizo nilimsomea, nikimtafsiria, kurasa ambazo Peter anaeleza mama yake anavyoijua London: kwa majengo aliyosafisha, kwa funguo alizopewa, kwa mabasi ya usiku. Akasema, "Huyo kijana kakaa na mama yake." Sifa kubwa kuliko hiyo sijaisikia.

Mwandishi mwenyewe ni mzungu, mzaliwa wa London wa mwaka 1964. Zamani aliandikia kipindi cha televisheni cha *Doctor Who*, na alipokuwa akiandika riwaya hii alikuwa muuzaji katika duka la vitabu, tena Covent Garden hapohapo anapoanzia hadithi. Unaweza kuuliza kama ana haki ya kuandika kwa sauti ya kijana mwenye damu ya Sierra Leone. Jibu langu nimelipata kwenye mambo madogo: wali, namna shangazi wanavyosalimiwa, aibu ya mtoto kuitwa mbele ya wageni. Mtu aliyesikiliza vizuri hujulikana.

8. Kama Kiingereza chake kinakukimbiza, kisikilize

Kiingereza cha Peter ni cha mtaani London kilichochanganyika na vifupisho vya polisi, na hata aliyesoma vizuri hukwama. Usifungue kamusi kwa kila neno. Tafuta kitabu cha kusikiliza, kinachosomwa na Kobna Holdbrook-Smith, mwigizaji wa Uingereza mzaliwa wa Ghana. Huyu anatofautisha sauti ya Mama Thames na ya mkaguzi wa kaskazini mwa Uingereza mpaka unasahau kwamba msomaji ni mmoja. Njia yangu ni sura moja kwa masikio, kisha sura hiyohiyo kwa macho. Kufikia kitabu cha tatu hutahitaji tena msaada.

9. Mweke Bwana Msa pembeni yake

Kiswahili kina mpelelezi wake mkubwa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa, mwenye kiko na akili iliyotulia, katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyotoka kitabuni mwaka 1960, na baadaye *Kisima cha Giningi* mwaka 1968. Tazama majina hayo: mzimu, na Giningi, mji wa wachawi wa masimulizi ya Unguja na Pemba. Unategemea majini. Lakini Bwana Msa anaingia mahali watu wanapopaogopa, anatazama, anauliza, na mwishowe anakuonyesha mkono wa binadamu nyuma ya kila kitu.

Aaronovitch anakwenda upande wa pili. Mpelelezi wake anaanza na binadamu, kamera za barabarani na ripoti ya daktari, halafu njia hiyohiyo ya kutazama na kuuliza inamfikisha kwenye mzuka. Wawili hawa wanatumia chombo kimoja wakapata majibu yaliyopishana. Usomapo mmoja baada ya mwingine unagundua kwamba kinachoifanya riwaya ya upelelezi iwe tamu ni tabia ya mtu anayekataa kuridhika na jibu la kwanza, hata kama jibu hilo ni "ni mzimu".

Ningependa mwanafunzi wa fasihi avisome hivi viwili pamoja darasani. Mwandishi chipukizi naye avisome, kisha achukue mtaa anaoujua na kazi moja anayoijua kwa undani, iwe ya bandari, ya zahanati au ya daladala, aone ni roho gani inakaa hapo na inataka kulipwa nini.

10. Usiruke majengo

Peter alitaka kuwa msanifu majengo, ila kuchora hakujui. Kwa hiyo anaweza kukatisha mkimbizano mzima akueleze dirisha lilijengwa enzi gani na kwa nini ni baya. Wasomaji wenye haraka huruka. Usiruke. Jengo kwake ni shahidi kama mwingine yeyote, na katika *Broken Homes*, iliyojengwa juu ya ghorofa refu la makazi ya halmashauri kusini mwa mto, aliyeruka maelezo ya majengo anashtukizwa mwishoni bila kujua amepigwa wapi.

11. Usiulize habari za Lesley

Lesley May ni yule mwenzake aliyekwenda kutafuta kahawa. Ni konstebo hodari, makini kuliko Peter, na Peter analijua hilo. Usimtafute kwenye intaneti. Usimuulize aliyekwisha kusoma. Riwaya fupi nazo zisubiri mpaka umalize angalau tatu za mwanzo. Ukifika hapo, *The October Man* ya 2019 itakupeleka Trier, Ujerumani, kwenye mashamba ya mizabibu, na *The Masquerades of Spring* ya 2024 itakupeleka New York ya miaka ya 1920. Katika hizo Peter si msimulizi, na utaona dunia hii ni pana kiasi gani.

12. Ukipata kufika London, tembea

Anzia Covent Garden, kwenye Kanisa la St Paul's, alilolisanifu Inigo Jones na kukamilika mwaka 1633. Simama upande wa uwanja, chini ya zile nguzo kubwa. Utaona mlango mzuri usiofunguka, kwa sababu madhabahu iliwekwa upande ule na mlango halisi ukahamia nyuma. Mwandishi hakukosea kuchagua pale pa kumweka mtu aliyekufa.

Panda hadi Russell Square. Jumba la Nightingale hutaliona, limo kitabuni tu, lakini hatua chache kutoka hapo kipo chuo cha SOAS, ambako Kiswahili kimefundishwa kwa miongo mingi. Kaa kwenye benchi la bustani upumzike.

Kisha shuka Clerkenwell, mtaa wa Ray Street, mbele ya baa iitwayo The Coach. Barabarani kuna wavu wa chuma. Ngoja magari yapungue, inama, tega sikio. Huko chini kabisa utasikia maji yanakimbia. Ndiye Fleet.